Shajara ya mradi: In Dahomey ya 1903 juu ya skeitibodi, Kirumba Mwanza

9 Februari 2025. Tunafanya nini hasa

Kwa wanaoingia sasa: tunapandisha jukwaani In Dahomey, mchezo wa nyimbo wa Wamarekani weusi wa mwaka 1903, tunaucheza juu ya skeitibodi, ndani ya godauni moja kuukuu la dagaa huku Kirumba. Najua inavyosikika. Kila nikimwelezea mtu ananiangalia kwanza, halafu anauliza nani anatoa hela. Hakuna anayetoa, tunachanga.

Kwanini huu mchezo na sio mwingine. Huu ndio wa kwanza mrefu kuandikwa na kuchezwa na weusi pekee kwenye ukumbi mkubwa wa Broadway, New York Theatre, Februari 1903. Walicheza mara 53, mwezi wa tano wakawa London pale Shaftesbury Theatre, na mwezi wa sita wakaitwa Buckingham kucheza kwenye besdei ya Prince Edward aliyekuwa anatimiza miaka 9. Muziki ni wa Will Marion Cook, jamaa aliyesomea fidla Berlin, mashairi Paul Laurence Dunbar, mazungumzo Jesse Shipp. Baada ya ziara za miaka michache, kimya. Watu wa michezo ya nyimbo wanaujua kama jina la kwenye mtihani tu.

Na kuna sababu ya pili ambayo ndo ilituamulia, yaani hakimiliki. Katika hao watatu wa mwisho kufa ni Cook, 1944, na sheria yetu ya 1999 inalinda kazi mtunzi akiwa hai na miaka 50 baada ya kifo chake. Nota zilizochapishwa London enzi hizo zipo intaneti bure. Mwenye kutaka kufanya Starlight Express ya 1984, ile ya viatu vya magurudumu, ajipange na mfuko kwanza.

Skeitibodi zimeingiaje? Sisi wengi tulijifunzia mteremko wa Capri Point kwa mbao za mtumba. Kwenye kusketi kulikuwa na staili inaitwa fristaili, mtu anachezea chini pa tambarare, peke yake, na muziki unapigwa, majaji wanaangalia kama wanavyoangalia dansi. Rodney Mullen alitokea huko, na ile oli (kuruka na bodi bila kuishika kwa mikono) ya kwenye tambarare ambayo leo kila mtoto anaijaribu aliitengeneza yeye mwanzoni mwa miaka ya 80, akiitoa kwa Alan Gelfand aliyekuwa anairuka kwenye mabakuli ya zege. Miaka ya 90 ilipoingia ngazi na reli za mtaani zikala kila kitu, fristaili ikaachwa. Kwahiyo tuna mchezo ulioachwa na staili iliyoachwa, tumeona tuvioanishe. Halafu Gelfand na Mullen wote ni watu wa Florida, na nusu ya In Dahomey inachezwa Florida, sehemu inaitwa Gatorville. Hiyo haina maana yoyote ila nimefurahi.

2 Machi. Sakafu, raundi ya kwanza tumepigwa

Sakafu ya godauni ni zege la zamani lenye nyufa, matairi magumu yakipita pale meno yanagongana. Tukaambiwa tumwage lipu nyembamba juu yake. Simenti mifuko 6 kwa 17,000, mchanga na fundi 60,000, jumla 162,000. Wiki mbili tu ikaanza kubanduka kama ngozi ya nyoka. Lipu nyembamba juu ya zege kuukuu lenye mafuta ya samaki haishiki, hata ukwangue vipi, na joto la bati likaikausha kabla haijakomaa. Ukitaka kuiga mradi huu ruka hatua hii yote, hiyo laki na sitini kalipie mbao.

Tumehamia plaiwudi. Jukwaa ni shiti 16 za futi 8 kwa 4, milimita 18. Mpya ni 72,000 moja, tukanunua 6, na 10 tukachukua zile za kumwagia zege kutoka saiti kwa 30,000. Jumla 732,000. Hizo za saiti zina simenti iliyoganda, zinakula matairi. Tulizikwangua upande mmoja tukakata tamaa, tukazigeuza, kumbe upande wa pili ulikuwa msafi muda wote.

23 Machi. Kelele

Hapa ndo mradi ulitaka kufa.

Plaiwudi juu ya zege ni ngoma. Watu sita wakisketi kwa pamoja humsikii mwimbaji aliyesimama mita mbili mbele yako, na hatuna maiki za kichwani, tuna spika mbili za kuazima na kibodi. Mwalimu wa kwaya aliyekubali kutufundishia sauti alikuja siku ya kwanza, akasikiliza, akasema "wanangu, mimi nimekuja kufundisha kuimba, hapa mnasaga mahindi." Akaenda kunywa chai. Tulidhani harudi.

Tulichojaribu, kwa mfuatano. Zulia juu, bodi haiendi kabisa. Magunia chini ya plaiwudi, kelele ikapungua kidogo ila yakanyonya unyevu na panya wakahamia na familia zao. Kisha matairi laini. Matairi ya mtaani yana ugumu wa 99A kwenda juu, ya laini ni 78A, tukaagiza seti 6 kutoka Nairobi zikaja na basi kupitia Sirari, 55,000 kila seti na mzigo 20,000. Ni kimya kweli. Lakini laini haiteleze ubavuni, ukitaka kugeuka kwa kuburuza inang'ang'ania unaruka wewe, dogo mmoja akategua kiganja, na bodi inakuwa nzito kuigeuza hewani. Wale wa fristaili wakagoma, na walikuwa na haki.

Kilichofanya kazi ni tyubu za malori. Tulinunua mabovu gereji Igoma kwa 35,000, tukakata vipande, tukabandika chini ya mbao za 2 kwa 4 zinazobeba plaiwudi (mbao 24, 168,000). Mbao zisiguse zege kabisa, zikae juu ya mpira. Ule mlio wa chini, wa tumboni, ukaisha. Ukabaki mlio wa juu, ule wa tairi kupita kwenye maungio. Tak. Tak.

Na hapa mwalimu (alirudi) akanyoosha kidole juu akasema nyamazeni. Fundi alikuwa amepanga shiti kama matofali, maungio yamepishana, kwahiyo bodi ikipita mlio unakuja ovyo ovyo. Mwalimu akauliza, mkizipanga maungio yakawa mstari mmoja? Fundi akasema jukwaa litakuwa dhaifu. Wakabishana sana, mpaka wakakubaliana kila mstari wa maungio ukae juu ya ubao wake wa chini na katikati ya shiti upite ubao mwingine.

Hesabu yenyewe hii, muicheki. Bodi inasafiri kukata upana wa shiti, futi 4, yaani mita 1.22. Ukienda mita 2.44 kwa sekunde, spidi ya mtu anayekimbia taratibu, unapita maungio mawili kila sekunde, 120 kwa dakika. Shiti 8 kutoka upande huu hadi ule ni muda wa mapigo 8, na muziki wa dansi ya keki (dansi ya mashindano ya Wamarekani weusi, nitaielezea mbele) unaenda mbili mbili, mapigo mawili kila ba, kwahiyo kuvuka jukwaa mara moja ni ba nne kamili. Tena bodi ina ekseli mbili, ya mbele inagonga, ya nyuma inafuata baada ya kipande kidogo cha sekunde, ta-tak, ta-tak, na ule mguu wa pili unaojikwaa ndo ladha yenyewe ya muziki wa Cook. Hatukupanga hivyo. Toka siku hiyo tuliacha kupigana na kelele tukaanza kuiandikia. Ubeti unaimbwa bodi zimesimama au zinaendeshwa na wale wenye matairi laini, kibwagizo kikifika wenye magumu wanatoka pembeni na wao ndo ngoma.

20 Aprili. Masika, na ugomvi wa Dahomey

Mvua juu ya bati, hakuna mazoezi ya sauti. Tukakaa kusoma maandishi.

Kisa chenyewe: matapeli wawili, Shylock Homestead na Rareback Pinkerton, wanajikuta kwenye mpango wa chama kinachotaka kuwahamishia Wamarekani weusi Dahomey, ufalme wa Afrika Magharibi palipo Benin ya leo. Sehemu kubwa ni Marekani, Dahomey inapewa kipande kidogo tu, rangi na ngoma na watu wa kuchekwa. Nyimbo kadhaa zina matusi ya kuwatukana weusi, na Bert Williams mwenyewe, nyota wa mchezo na mzaliwa wa Bahamas, alikuwa anajipaka masizi usoni ndipo wazungu wakubali kucheka. Masizi tumefuta bila mjadala. Matusi tumefuta. Wimbo wa Swing Along tumeuacha mzima maana ule ni mtamu tu, kwaya iliushika siku ya kwanza.

Mjadala ulikuwa Dahomey. Mmoja akasema rahisi, tuweke bugobogobo, watu watapenda. Mzee mmoja wa ngoma kutoka Kisesa, tuliyemuomba ushauri wa jambo lingine kabisa, akauliza majembe ya Wasukuma yanafanya nini kwa Wafon, watu wa Dahomey? Akamalizia kwamba hata yeye angefika kwa watu akakuta wanamwigiza kwa ngoma ya jirani yake asingekaa. Tukanyamaza.

Mimi nikaja na Behanzin. Wafaransa walivunja ufalme wa Dahomey kati ya 1892 na 1894, mfalme Behanzin wakampeleka Martinique. Maana yake pale New York wanaimba tutakwenda Dahomey tukawe wakubwa, mwenye Dahomey ana miaka tisa uhamishoni, na alikufa Algeria 1906 bila kurudi. Waandishi hawagusi hilo hata kwa bahati mbaya. Tukaamua Dahomey yetu haina mtu anayeigiza Mdahomey. Matapeli wanashuka, jukwaa tupu, kuna kiti kimoja cha mfalme. Kiti kiko juu ya magurudumu. Kila wakitaka kukikalia kinaondoka.

Kwenye karatasi ilichekesha. Kufanya ni habari nyingine, kiti juu ya bodi mbili kilianguka kifudifudi kila kikivutwa. Tukazikaza traki zote (vile vyuma vinavyoshika ekseli) zisigeuke, tukaweka mawe chini ya kikalio (Mwanza mawe si shida). Kuvuta tulianza na nailoni ya uvuvi maana haionekani, ikamkata mvutaji vidole, sasa ni kamba nyembamba ya nyavu iliyopakwa rangi nyeusi na mvutaji anavaa glavu. Mvutaji ni dada mwenye miaka 19 na kwa maoni yangu ndiye mchekeshaji bora wa mchezo mzima ingawa hakuna atakayemwona.

Lile jambo tulilomwitia mzee ni dansi ya keki. Kwa asili watumwa walikuwa wanaiga mwendo wa mabwana zao kwenye dansi, wanatembea kwa maringo hadi inakuwa kejeli, na mshindi anapewa keki. Aida Overton Walker, mchezaji wa In Dahomey hiyo hiyo, ndo aliyeipeleka juu, hadi matajiri wa London wakawa wanataka awafundishe. Sasa Usukumani tuna Bagika na Bagalu, vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na aliyeshinda ni yule ambaye watu wamemkimbilia. Hakuna jaji. Tukasema shindano la keki liwe hivyo, jukwaa limegawanywa katikati, timu kila upande, watazamaji wamesimama na wanahama. Mzee akakubali kwa moyo mweupe, akaongeza kwamba zamani timu ziliingia na dawa za kuvutia watu, kama tunazo asijue yeye.

Jaribio la kwanza watu wote walikimbilia kwa binti mmoja wa Nyakato anayezunguka kwenye tairi mbili za nyuma kama pia, upande wa pili wakabaki wanachezea ukuta, mmoja akalia kweli. Tuliulizana tubadilishe kanuni. Hapana. Ila tumeweka kamba ya kuzuia watu mita moja na nusu kutoka ukingoni, maana wakihama wanasukumana, na bodi inayoruka nje inafika usawa wa goti.

11 Mei. Beringi

Fupi hii. Unyevu wa ziwa na vumbi la magamba vimeua beringi. Usiagize za skeitibodi. Ni saizi 608, tundu milimita 8, na zinauzwa kwenye maduka ya beringi mjini maana zinatumika kwenye mashine ndogondogo, 2,500 moja. Bodi moja inakula 8. Tulibadili 40, laki moja. Zinakuja na grisi nzito, toa kifuniko, osha kwa mafuta ya taa, kausha, tia tone la oili ya cherehani. Tone moja. Kuna mtu alimimina, tairi likarusha oili kwenye gauni jeupe la kwaya.

1 Juni. Wadudu

Mazoezi ya kwanza ya usiku na taa zote. Saa mbili hivi wadudu wa ziwani wakaingia kama moshi, wale wale mnaowajua, wakajaa kwenye taa, kwenye kibodi, kwenye midomo ya kwaya, na mbaya zaidi wakaanguka kwenye plaiwudi wakasagwa na matairi ikawa utelezi. Tukafunga.

Wale wadudu wanatoka kwa wingi mwezi ukiwa mwandamo, na mwezi ulikuwa umeandama siku chache nyuma. Wavuvi wa Mwaloni walitucheka kwamba hata hilo tulihitaji kujifunza. Tarehe tuliyoitangaza ilikuwa 28 Juni, nikaangalia kalenda, mwezi unaandama tarehe 25. Tumesogeza hadi 12 na 13 Julai, siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu. Taa za jukwaani tumezishusha zimulike kutoka chini, na tumetundika balbu moja kali sana nje nyuma ya godauni waende huko. Jirani hajafurahi.

22 Juni

Mazoezi mabovu. Nusu ya watu walienda Kigongo kuangalia daraja lililofunguliwa tarehe 19, nusu nyingine wana mitihani. Nguo zimekamilika, suti za mtumba Mlango Mmoja na kushonesha, 140,000. Tahadhari kwa watakaoiga: suruali pana za mwaka 1903 zinaingia kwenye tairi, funga kwa lastiki ndani.

15 Julai. Tumecheza

Jumamosi umeme ulikatika katikati ya Gatorville. Jenereta ilichukua dakika kadhaa, na wale wa matairi magumu bila kuambiwa wakaanza kuvuka jukwaa gizani, taratibu, mmoja mmoja, ta-tak, ta-tak, kwaya ikaingia na Swing Along bila kibodi. Watu walidhani tumepanga. Jumapili wengine walikuja wanauliza kile kipande cha giza kiko wapi, tukabidi tuzime taa kwa makusudi na haikunoga hata robo.

Kiti kilifanya kazi siku zote mbili. Jumamosi watu walicheka mpaka mwisho. Jumapili, Rareback alipokikosa kwa mara ya tatu, mama mmoja mbele akasema kwa sauti "mwenyewe yuko wapi lakini?" na mchekeshaji akasahau mstari wake.

Keki ya Jumamosi ilikwenda kwa timu ya binti wa Nyakato kama kila mtu alivyotegemea. Jumapili wapinzani walikuja na mbinu, wakasimamisha bodi zote, wakavua viatu, wakatembea mwendo wa maringo kwa miguu huku wamebeba bodi vichwani kama ndoo, na watu wakahama wote. Watu wa kusketi tunabishana mpaka leo kama ile ni halali. Mimi naona ndo dansi ya keki yenyewe, kwaya inaniunga mkono, maskeita hawanisalimii.

Hesabu. Pamoja na niliyotaja juu, skrubu na misumari 48,000, keki mbili 70,000, mafuta ya jenereta 60,000, nauli na kibali 45,000. Matumizi yote 1,910,000. Michango yetu 900,000. Mlangoni, wakubwa 3,000 watoto 1,000, tumepata 684,000. Tunadaiwa 326,000, na mdai ni mwenye duka la mbao ambaye alikuja kutazama siku zote mbili na alilipa kiingilio.

3 Agosti. Ukerewe

Tumeulizwa kama tunaweza kwenda Nansio. Tunaweza, tatizo ni shiti 16 kwenye kivuko, kila moja inataka watu wawili. Fundi anataka kuzikata nusu. Nimemwomba asubiri, maana akizikata kwa urefu tunapata maungio kila futi 2, mapigo yanakuwa mara mbili na kwaya haitaweza kufuata. Zikatwe kukatisha ule urefu wa futi 8, zibaki vipande vya 4 kwa 4, hapo maungio mapya yanakwenda sambamba na njia ya bodi na hayagongwi. Shida ya hapo ni tairi kuingia kwenye mfereji ukisafiri nao, tayari ule mstari wa katikati umeshaangusha watu. Kesho tunakata shiti moja ya zile za saiti, tunajaza mfereji kwa gundi ya mbao na vumbi la msumeno, tuone.